Zabuni za serikali ya Marekani kwa kampuni ndogo za wanawake

Swali: Ndugu wanajukwaa, Marekani imelenga angalau 23% ya thamani ya mikataba ya serikali kuu iende kwa biashara ndogo, na 5% kwa biashara ndogo za wanawake. Mbona wanaoanza bado hukosa kazi?

Jibu la kwanza: Asilimia hizo ni shabaha ya serikali nzima, si haki ya kila kampuni. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni kuunganisha kazi nyingi katika mkataba mmoja ambao kampuni ndogo, hata ikiwa hodari kiasi gani, haina mtaji wala dhamana ya kuutekeleza.

Jibu la pili: Naongeza kuhusu uthibitisho. Wanawake walio raia wa Marekani lazima wamiliki angalau 51% na waiongoze kampuni wenyewe; tangu 2020, kujitangaza tu kuwa kampuni ya wanawake, bila uthibitisho rasmi, hakutoshi kushindania mikataba waliyotengewa. Kujisajili katika SAM.gov, tovuti ya serikali ya kuwasajili wanaotaka mikataba yake, ni bure (waepukeni mawakala wanaotoza fedha).

Muuliza swali: Ahsanteni. Je, mkandarasi mdogo aliye chini ya kampuni kubwa hulipwa na serikali?

Jibu la kwanza: Hapana, kwa kawaida hulipwa na mkandarasi mkuu, hivyo masharti ya malipo yasomwe kabla ya kutia saini.