Kamati ya Nyumbani: Vidani vya Harusi

Tatu: Shikamooni. Nina habari ya vidani vya kioo cha chupa. Jana nilichoma 12, asubuhi hii nimefungua tanuru, 7 vimepasuka.

Shangazi: Marahaba. Pole mwanangu! Vimepasukaje na hakuna aliyevigusa?

Tatu: Kimoja nilikitoa kizima kabisa shangazi, nikakiweka mezani. Muda kidogo nikasikia "tik". Ufa umepita palepale kijani kinapokutana na kahawia.

Mama Neema: Tanuru bovu?

Tatu: Hapana mama mdogo, kosa langu. Nilichanganya chupa za bia na za mvinyo. Kwenye nyuzi 800 zinashikana vizuri, utadhani kioo kimoja. Zikianza kupoa, kila moja inasinyaa kwa kiasi chake, zinavutana mpaka zinaachana.

Siti: Kwani kioo si kioo tu

Tatu: Hapana mdogo wangu. Wanaonunua kioo maalumu cha kuyeyusha huangalia namba ya kutanuka kwake kwa joto, 90 au 96, na hawachanganyi. Chupa za mtaani hazina namba. Uhakika ni chupa moja na vipande vyake yenyewe.

Shangazi: Si vimebaki 5? Maharusi wavae hivyo.

Tatu: Sivitoi shangazi. Nimeviweka juu ya kioo cheupe cha kompyuta nikaviangalia kwa ile miwani ya baba ya kuvulia samaki, isiyopitisha mng'ao wa maji. Ukiizungusha, kompyuta inakuwa giza, lakini penye mvutano panang'aa. Vyote 5 vinang'aa kwenye maungio. Vitapasukia shingoni mwa watu.

Mjomba: Tatu, unatoboaje?

Tatu: Kwa dirili, mjomba, ndani ya maji. Vingine hufia hapo.

Mjomba: Enzi zangu za meli tulitia nanga Tema, Ghana, nikafika kwa Wakrobo, kabila la huko linalotengeneza shanga za kioo. Wanatwanga chupa kwenye kinu cha chuma mpaka unga, wanajaza kalibu ya udongo yenye vishimo. Kila kishimo kimesimamishwa kikonyo cha jani la muhogo. Moto ukikolea kikonyo kinaungua, tundu linabaki.

Tatu: Mjomba!!! Miezi yote hii nanunua ncha za dirili!

Mjomba: Hujauliza mwanangu 😂

Shangazi: Muhogo umejaa huku uani. Uje uchume.

Tatu: Na kalibu zao hazishikani na kioo?

Mjomba: Wanazipaka udongo mweupe uliokorogwa na maji, wanauacha ukauke kwanza.

Tatu: Kaolini. Hata mimi napaka. Siku nikiruka kona moja, kidani na kalibu navitupa pamoja.

Siti: Nije nikusaidie kutwanga?

Tatu: Njoo, ila na barakoa na miwani. Vumbi la kioo si la kuvuta.

Mama Neema: Harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Tuseme ukweli, tununue dukani?

Tatu: Usinunue mama mdogo. Nachoma chupa moja tu ya kijani. Vya unga havitang'aa kama vya vipande, vitakuwa na ukungu kidogo ndani, lakini naona ndivyo vitakavyopendeza na vitenge vyenu. Kupanda polepole mpaka 550, kisha haraka mpaka 800, robo saa. Kushuka nasimama tena 550 saa nzima, joto la ndani na la nje lilingane, halafu vipoe usiku kucha. Juzi nilifungua kwenye 200 kwa hamu ya kuona. Safari hii mlango siugusi.

Mama Neema: Usiku kucha? Luku itatosha?

Mjomba: Natuma uniti sasa hivi.

*Jumatano*

Tatu: Saa 12 asubuhi. Nyuzi 38. Nafungua.

Shangazi: Bismillah

Tatu: 📷
12 vyote vizima! Matundu yametoka na majivu kidogo, nayatoa kwa sindano.

Mama Neema: Jamani Tatu 😭😭

Shangazi: Changu kitie uzi mrefu, kishuke mpaka kifuani.