Hamsta wawili kutoka Amu mpaka Malindi, niwabebe na nini?

MamaSwabra_Langoni
Assalam aleikum wapenzi wa wanyama, na hamjambo wengine. Mie nko Amu, yaani Lamu, tunahama kwenda Malindi baada ya Idd inshallah, baba watoto kapata kazi kule. Vyombo vyote vishapangiwa, godoro, friji, makabati, hata yule paka wa jirani anojifanya wetu nishamuaga, kilobaki kunisumbua akili ni hamsta wawili wa watoto, vile vinyama vya kufuga mfano wa panya. Waliletewa na mjomba wao kutoka Nairobi, ni wale wakubwa wa rangi ya dhahabu, sai wana kama miezi miwili, mmoja anaitwa Tende mwengine Halua. Walikuja ndani ya katoni ya viatu na walifika salama kwa hivo mie nikadhani hata kwenda wataenda hivo hivo, lakini binti yangu analia kutwa ati watakufa.

Safari yenyewe ni boti mpaka Mokowe alafu basi la asubuhi, masaa manne matano hivi kama hakuna la kutuchelewesha. Onlaini nimeona keji moja wallahi nzuri, plastiki rangi rangi, ina mirija ya kupanda na gurudumu la kukimbilia, lakini bei yake si ya mchezo. Fundi seremala wa mtaani naye ananambia ataniundia kijikasha cha mbao mfano wa yale makasha ya Amu ya arusi, kidogo, na misumari ya shaba juu, kwa pesa kidogo tu. Ama niwatie katoni yakaisha? Na wakae wapi, kwenye buti na mizigo ama niwapakate? Mwenye kujua anisaidie na msinicheke.

kijana_wa_Barani
Waleikum salam mamake Swabra. Katoni sahau kabisa. Mimi nilimbeba wangu na katoni kutoka Mombasa, matatu imejaa, nimempakata raha mustarehe, tumeshapita Kilifi naskia mguu unawasha nikaangalia chini, katoni ina tundu mviringo kama limechorwa na kikombe na jamaa hayuko. Sasa hapo uanze kumwambia mtu samahani dada nyanyua miguu kuna mnyama wangu. Nilisema hamsta hakuna alonielewa, nikasema ni kama panya hivi, na hapo ndo nilipokosea maana gari zima lilipanda juu ya viti. Kondakta alisimamisha akanishusha mimi kwanza kabla ya panya. Tukaja kumpata chini ya siti ya dereva kajikunja kwenye kitambaa cha kupangusia kioo, na nikalipishwa nauli ya watu wawili.

Hao wako walikua na bahati tu, au walilala njia nzima. Meno yao yanaota maisha yote, asipotafuna yanarefuka mpaka hawezi kula, kwa hivo usidhani ni utundu, ni lazima atafune.

Buti usithubutu. Hamna hewa, joto, mizigo inateleza kila kona, na daima kuna gunia la papa la mtu humo.

Ukhti_Shela (Shela ya Malindi sio ya Amu, watu hunichanganya)
Shoga kabla hatujafika kwenye keji, hao wawili watenganishe LEO. Hamsta wa dhahabu ni mtu wa peke yake, akishafika umri huo hana ndugu hana rafiki. Wakiwa wadogo wanalala juu ya mwenzake unaona ni mapenzi, alafu siku moja unaamka unakuta damu. Na kwenye chombo kidogo cha safari, kinatingishika, kuna joto, harufu ngeni, hapo ndo wanapouana. Kila mmoja na chake. Kwa hivo hesabu yako yabadilika, usitafute kimoja kizuri cha bei ghali, tafuta viwili vya kawaida.

Kasha nalo nimelicheka, nisamehe. Hawa asili yao ni Shamu, Syria ya leo. Mwaka 1930 bwana mmoja mtaalamu wa wanyama, Israel Aharoni, alichimbua shimo shambani karibu na Aleppo, ile Halab, akampata mama na watoto wake, watoto akawapeleka Jerusalem, na karibu hamsta wote wa dhahabu tunaofuga duniani leo wametokana na watoto hao. Sasa skia, walitiwa kwenye tundu lenye sakafu ya mbao. Kuja kuangaliwa kama nusu hawapo, wametafuna mbao wakatoka zao. Yaani babu zake Tende na Halua walishawahi kumshinda seremala, huyo wako na misumari yake ya shaba atawapunguzia nini? Na mbao inakunywa mkojo, haisafishiki, na hiyo vanishi akiitafuna si nzuri.

Alafu watu wana neno lao, ati mnyama wa Shamu, wa ukame, joto la pwani litamfanya nini. Kule jua likiwaka yeye yuko ndani ya shimo refu kwenye ubaridi, hutoka jua likishapoa. Raha yake ni digrii 20 mpaka 24 hivi. Ikipita 30 na hana hewa anaweza kukufia mkononi, na sisi 30 ndo maisha yetu.

MamaSwabra_Langoni
Subhanallah. Halua ana kidonda sikioni tangu juzi, nikadhani kajikwaruza na waya. Haya nimemtoa, sai yuko kwenye beseni la kufulia nimelifunika na kawa na juu nimeekea jiwe, najua najua kawa atalitafuna, ni kwa leo tu. Mume wangu ananitizama hasemi kitu. Fundi wa kasha nishamwambia asubiri, kanuna.

Basi niambieni, ile keji ya mirija nayo mwaionaje, ninunue mbili?

fundi_stima
Mama usinunue hata moja ya safari. Ile ni nyumba ya kukaa. Barabarani gari ikiruka gurudumu linazunguka lenyewe, mguu unaingia, umevunjika. Mirija inachomoka, kibanda cha ndani kinamwangukia. Cha safari kinatakiwa kiwe kidogo na hakina kitu cha kuanguka, watu hudhani wanamfanyia ubaya lakini kwenye nafasi ndogo yenye tishu nyingi anajichimbia analala, kwenye kubwa anarushwa huku na huku kama embe ndani ya pipa.

Mimi natengeneza mwenyewe. Nunua kontena la plastiki gumu lile la kuekea unga, refu kama rula ya shule, upana na kimo kama theluthi mbili ya hiyo rula. Mfuniko ukate katikati uache ukingo, uekee waya ule wa miraba midogo wa kutengenezea matundu ya ndege, mraba usizidi sentimita moja kwa hao wako wakubwa, kwa wale hamsta wadogo kabisa tafuta wa nusu sentimita maana kichwa kikipita na mwili umepita. Ufunge kwa vile vifungo vya plastiki tunavyofungia nyaya za stima, vichwa vikae nje. Ubavuni toboa na msumari uliopashwa moto, na TOBOA KUTOKEA NDANI KWENDA NJE. Ukitoboa kutoka nje ile plastiki iloyeyuka inafanya mdomo kule ndani, na mdomo ndo anapopata pa kushika na meno. Ukuta laini jino linateleza, ndo maana kontena la plastiki linamweka na katoni halimweki, hata kama kwa nguvu zake plastiki pia anaiweza akipata kona. Ukimaliza pitisha kidole ndani, ukiskia pamekwaruza piga msasa.

Mfuniko usiuamini na vile vibanio vyake, zungusha mpira wa tairi la baiskeli.

Matandiko ni tishu nyeupe isiyo na marashi, chanachana, unene wa vidole vinne, juu yake chota konzi moja ya matandiko yake ya zamani ili askie harufu ya kwake. Pamba usitie, nyuzi zinamfunga mguu na akimeza zinamkwama tumboni. Maranda ya seremala pia hapana, ya mierezi na misonobari yana mafuta yenye harufu kali ya kumchoma kifua. Chupa ya maji usiifunge gari likitembea, kila bonde inadondosha anafika amerowa. Mkatie tango, ndo maji yake na ndo chakula, basi likisimama mpe chupa anywe kidogo.

Na kitengeneze mapema, siku nne tano kabla kiingize ndani ya keji yake wazi na mbegu za alizeti mbili tatu. Ataingia mwenyewe. Siku ya safari unafunga tu, hamkimbizani saa kumi za alfajiri.

Mzee_wa_Mkunguni
Mie mada hii n'meisoma mpaka hapa, kahawa imepoa. Sisi hapa Amu tumezaliwa twafukuza panya, leo wajukuu wawaundia majumba ya safari. Haya, dunia.

Lakini wanangu mmesahau gati. Hapo gatini paka ni wengi kuliko abiria, wako tangu alfajiri wangoja samaki, na paka wa Amu si paka wa kucheza. Chombo usikiweke chini hata kwa kufunga kiatu. Botini kaa nyuma kwa nahodha, mbele maji ya chumvi yaruka, na ukifunika na leso usifunike kote, acha upande wa upepo.

La pili ni jua. Basi la asubuhi kutoka Mokowe laelekea magharibi mpaka Witu, kisha lashuka Garsen na kusini, kwa hiyo jua ndia nzima liko mgongoni na mkono wa kushoto. Kata siti za mkono wa kulia, upande wa dereva. Mimi ndia hii n'meijua tangu ni matope tupu, mvua ikinya twashuka twasukuma gari, saa hizi lami mwalala mpaka mwaota.

kijana_wa_Barani
Mzee umenena. Na ongeza vizuizi, mnashushwa wote na vitambulisho, basi SHUKA NAE. Usimwache kwenye siti ati narudi sai, basi likisimama hewa haipiti mle ndani panakua tanuri dakika chache. Ukiulizwa umebeba nini sema hamsta, vipenzi vya watoto, onyesha. Neno panya lisitoke mdomoni mwako mama.

Ukhti_Shela
Usiku wa kuamkia safari gandisha vichupa viwili vya maji, vifunge na taulo, viegemeze NJE ya kontena upande mmoja tu ili akiona baridi imemzidi asogee upande wa pili.

fundi_stima
Hapo sikubaliani nawe ukhti, chupa inatoa jasho, taulo linaloa, unafika na tishu chepechepe. Mimi naweka kipande cha kigae ndani, analalia tumbo lake linapoa.

Ukhti_Shela
Kigae ndani ya gari? Wewe si ndo ulosema kisiwepo kitu cha kuanguka?

fundi_stima
Nakigundisha chini. Na safari yangu ilikua Malindi Watamu lakini, sio masaa matano. Haya chupa, ila badilisha taulo njiani.

Ukhti_Shela
Ahsante. Mama Swabra, dalili za joto kumzidi ni kulala amejinyoosha hataki kuamka, kidevu kimerowa mate, anatetemeka ama analegea ukimshika. Hapo mtoe kwenye joto, mpanguse na kitambaa chenye maji ya kawaida, masikio na miguu, usimtumbukize kwenye maji ya barafu, mtilie tone la maji mdomoni kama anameza, alafu daktari wa mifugo. Asipokua na hayo mwache. Mchana ni usiku wao, usimwamshe kila baada ya kijiji kumuuliza hujambo.

mgeni_wa_Manda
Na kwa ndege je? Si mnavuka tu hapo Manda mara mko Malindi?

kijana_wa_Barani
Uliza kabla ya kukata tikiti sio baada, kampuni nyingi za ndege jamii ya panya hawataki kabisa kuiona ndani na abiria.

MamaSwabra_Langoni
Wapenzi tumefika Alhamdulillahi, siku ya tatu leo. Nilitengeneza makontena mawili kama alivosema fundi, waya nilikatiwa na yule yule seremala, kanuna lakini kanikatia. Siti za kulia tulipata. Vichupa vya barafu viliyeyuka kabla ya Garsen mjue, mwengine abebe vinne kwenye kibaridi. Mzee gatini paka watatu walitufuata mpaka kwenye ngazi, binti yangu kapandisha kontena kichwani kama mtungi. Kizuizini askari alichungulia akauliza wanaliwa?

Halua njia nzima kalala. Tende naye tango lote kalitia mashavuni, hajalila, kafika na uso kama mtu aloumwa na jino pande mbili. Kinachonitia wasiwasi ni kua mashavu kashayamaliza lakini tumbo limebaki. Na mjomba wao aliambiwa dukani wote ni wa kiume.

Ukhti_Shela
Shoga uliwatenganisha lini vile?

MamaSwabra_Langoni
Siku ile ile ulonambia. Sai ni siku kumi na moja.

Ukhti_Shela
Mimba yao ni siku 16 hivi. Muongezee tishu nyingi na chakula, maji yasikatike, muweke chumba hakina kelele na kuanzia kesho usimsafishie wala usimshike, watoto wasimchungulie, akitishwa anakula wanawe. Siku ya ishirini ikipita hakuna kitu basi ni tango.

Mzee_wa_Mkunguni
Kasha lile la fundi mwambieni asilivunde.