Kikundi cha Ukoo: Mchoraji wa Wanawake Wasio na Uso

Baba Mdogo Doha: Assalaam aleikum nyote. Leo sina zamu, nimeingia makumbusho ya Maqbool Fida Husain, yule mchoraji mkubwa wa India. Yamefunguliwa hapa Doha Novemba 2025. Nimekaa saa tatu, miguu inakataa kutoka.

Dada Mombasa: Waaleikum salaam Ba'mdogo. Mtu wa India, mbona makumbusho yake yako Qatar?

Baba Mdogo Doha: Ndiyo habari yenyewe. Kazaliwa Pandharpur 1915. Ujanani Bombay alikuwa akichora mabango ya sinema, analipwa kwa futi. 1947 akaungana na wachoraji wenzake akina Souza na Raza, jina likatoka, serikali ikampa nishani juu ya nishani. Miaka ya 1990 watu wakamjia juu kwa kuchora miungu wa kike wa Kihindu bila nguo. Kesi zikamwandama, nyumba ikavamiwa. 2006 akahama nchi, ana miaka 90. Qatar ikampa uraia 2010, mwaka uliofuata kafia London.

Dada Mombasa: Walioumia kwa ajili ya dini yao nawaelewa. Ila mzee wa miaka 95 kufia ugenini, hapana jamani. Imeniuma.

Kijana wa Rangi: Shikamooni. Hapo kwenye mabango umenigusa Ba'mdogo. Jana nimemaliza ukuta wa duka, nami nalipwa kwa mita. Naombeni msiniambie tena nitafute kazi. Hii ni kazi.

Baba Mdogo Doha: Marahaba. Ni kazi, mwanangu. Mchoro wake mmoja wa 1954, Gram Yatra, una vipande 13 vya maisha ya kijijini kwenye turubai ya zaidi ya mita 4. Daktari mmoja aliununua akaupeleka Norway, ukakaa hospitali ya Oslo miaka na miaka. Machi 2025 umeuzwa New York dola milioni 13.8, pesa za kusomeshea madaktari.

Kijana wa Rangi: Nimetafuta kwenye intaneti nimekutana na huu mchoro wake. Mama Teresa, yule mtawa wa Calcutta. 📷

Shangazi Tanga: Nimeikuza. Sari nyeupe yenye pindo la buluu naiona, mtoto aliyepakatwa namwona. Uso uko wapi?

Baba Mdogo Doha: Husain hakuuchora, dada. Mama yake mwenyewe, Zainab, alifariki yeye akiwa mchanga, na hakuacha picha hata moja. Hakuijua sura yake. Hapo ndipo miguu ilipokataa kutoka.

Shangazi Tanga: Mdogo wangu.

Shangazi Tanga: Mama alipofariki ulikuwa hujaanza kutembea. Mimi nilikuwa na miaka 7. Alikuwa maji ya kunde, kipini puani, na kidole gumba cha kulia kina kovu refu, alijikata kwa mbuzi ya nazi.

Baba Mdogo Doha: Hilo la kovu hujawahi kuniambia.

Shangazi Tanga: Niliogopa kukuliza.

Kijana wa Rangi: Shangazi, Jumamosi nikija na rangi utanielekeza? Nimchore bibi.

Shangazi Tanga: Njoo asubuhi, macho yangu yakiwa na nguvu. Kanga yake ninayo sandukuni. Mji umepauka, jina halisomeki, pindo bado jekundu. Uso uache kwanza. Anza na kile kidole.