Ensefalaitisi ya kingamwili za NMDA: maji ya uti wa mgongo yanatabiri nini?

Mwanagenzi: Wakuu, mgonjwa wa ensefalaitisi hii (uvimbe wa ubongo unaoletwa na kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo) ana seli nyeupe 34 kwa mikrolita kwenye maji ya uti wa mgongo. Zinatosha kukisia hali yake baada ya mwaka?

Neva (daktari wa mishipa ya fahamu): Peke yake hapana. Kwenye alama za NEOS (kipimo cha 2019 cha kutabiri hali ya mgonjwa baada ya mwaka), seli zaidi ya 20 ni pointi 1 tu kati ya 5. Nyingine ni kulazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), MRI (picha ya ubongo) yenye kasoro, matibabu kuchelewa zaidi ya wiki 4, na kukosa nafuu wiki 4 baada ya kuyaanza. Wenye pointi 0–1, 3% tu walikuwa na hali mbaya mwaka ulipoisha. Wenye 4–5, 69%.

Maabara: Kwanza hiyo 34 ni ya kweli? Seli huvunjika upesi, zihesabiwe ndani ya saa moja. Sindano ikigusa mshipa wa damu, punguza nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000.

Mwanagenzi: Na kurudia kupima kingamwili?

Neva: Usiikimbilie namba hiyo, mkuu. Kingamwili zinaweza kubaki hata kwa aliyepona. Nurofilamenti nyepesi (protini ya nyuzi za neva) huonyesha nyuzi za neva zinazoharibika, ila hupanda na umri. Linganisha na rika lake.