Ushauri: nataka kufundisha yoga, je, nilipie pia kozi ya "kuprogramu akili ya ndani"?

Kipepeo_Dom
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, nataka kufundisha yoga, nianze na madarasa ya jioni kabla sijaacha ajira. Nimepata kozi mbili. Ya kwanza ni ya ualimu, saa 200. Ya pili ni ya siku nne tu, wanasema utatoka ukijua "kuprogramu akili ya ndani" ya mwanafunzi, na bei zinakaribiana. Hela inatosha moja. Nianze na ipi? Na hiyo akili ya ndani ina nafasi gani darasani?

Mwalimu wa Mkeka
Saa 200, hapo hakuna mjadala. Ila usilipe kabla hujaona mtaala. Yoga Alliance ya Marekani, ambako shule nyingi hujisajili, inataka humo ziwemo saa 75 za mbinu na mazoezi, 30 za anatomia na fiziolojia, 30 za historia, falsafa na maadili, na 50 za ufundishaji na weledi wa kazi. Hiyo ni rejesta tu, si leseni ya serikali, kwa hiyo jina lake kwenye cheti lisikupumbaze. Muulize mwenye shule: nitafundisha watu halisi mara ngapi, na nani atakaa nyuma anikosoe? Akianza kukuelezea video, ondoka.

Anatomia isome kwa majeraha. Ukiegemea mikono, viganja huuma kwa sababu uzito wote umelalia upande wa kifundo cha mkono badala ya kusambaa hadi kwenye mizizi ya vidole. Maumivu chini ya tako, pale msuli wa nyuma ya paja unaposhika mfupa wa kukalia, hutokana na kuinama mbele kwa kulazimisha huku magoti yamekazwa. Mwambie akunje magoti kidogo. Mwenye glakoma (presha ya jicho), au presha ya juu isiyodhibitiwa, usimgeuze kichwa chini. Na omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, kila darasa, hata kama juzi alikubali.

NusuUsingizi
Naongezea kwenye akili ya ndani, maana hapo ndipo watu wanapigwa hela.

Kuna mambo ambayo ubongo unajifunza bila mwenyewe kujua. Mfano maarufu ni Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, akapoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo. Kila siku Molaison aliona ni kazi mpya kabisa, lakini makosa yalizidi kupungua. Ndivyo mwili wa mwanafunzi wako unavyojifunza: kwa kurudia. Yoga yenyewe ina neno samskara, yaani alama zinazoachwa na kila tendo, zinazokusukuma ulirudie. Hakuna siku nne za kufuta alama za miaka thelathini.

Ukitaka chombo halisi cha eneo hili, jifunze yoga nidra, yaani kupumzika kwa kina ukiwa umelala huku ukifuata sauti ya mwalimu, kwa mpangilio wa Satyananda Saraswati, mwanzilishi wa Bihar School of Yoga kule Munger, India. Kwa dakika 25 unaweza kugawa hivi: 3 za kulala vizuri na kutulia, 1 ya sankalpa, yaani nia, 7 za kuzungusha fikra mwilini, kuanzia kidole gumba cha kulia, kisha vidole vingine, kiganja, kiwiko, bega, ushuke mpaka vidole vya mguu, uhamie kushoto, 4 za kuhesabu pumzi kurudi nyuma kutoka 27, 4 za hisia pinzani kama uzito na wepesi, baridi na joto, 3 za picha za kuwaza akilini, 1 ya kurudia nia, 2 za kuamka. Mpangilio wa viungo usiubadilishe kila wiki. Akili ikishauzoea haina haja ya kufikiri kinachofuata, ndipo inapoachia.

Bi_Pumzi
Mkuu hapo juu kasahau yanayoharibika. Mwili hupoa ukilala, kwa hiyo kila mtu awe na shuka. Mwenye mgongo mbovu awekewe mto chini ya magoti. Mjamzito aliyevuka nusu ya safari alale ubavu wa kushoto, si chali. Kukoroma ni kawaida. Pandisha sauti kidogo, usimtikise.

Kubwa zaidi: aliyepitia ukatili au ajali mbaya anaweza kushtuka au kulia akifumba macho gizani. Acha taa moja, sema mapema kwamba kufumba macho na kulala ni hiari, na picha ziwe za kawaida (mti, mlango, anga), siyo "rudi utotoni". Akishtuka, mwambie afumbue macho, akae, ataje vitu anavyoviona. Yakijirudia, mwelekeze kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Wewe ni mwalimu wa yoga, usigeuke mganga.

Hesabu Kwanza
Ukumbi ukiwa 30,000 kwa kipindi na unatoza 10,000 kwa kichwa, watu watatu wa kwanza ni wa mwenye ukumbi. Uza kifurushi cha vipindi vinane kilipiwe mapema; anayelipa mlangoni mvua ikinyesha haji.

Kipepeo_Dom
Asanteni sana, nimeelewa, nakwenda na saa 200. Bi Pumzi, swali dogo: mwanafunzi akichagua nia kama "sitaki kuogopa watu", nimwachie?

Bi_Pumzi
Mwachie maudhui, mrekebishie umbo. Sentensi moja, fupi, ya wakati uliopo, isiyotaja kile anachokikimbia: "Nazungumza kwa utulivu." Aiseme kimyakimya mara tatu mwanzoni na tatu mwishoni, na asiibadilishe kwa miezi kadhaa. Wewe usimchagulie, wala usimlazimishe aiseme mbele ya darasa.