Kuhama nyumba ya kushea kabla mkataba haujaisha: njia ipi ina hasara ndogo?

Kwa_Pasu: Dar, wapangaji watatu, mkataba mmoja. Kodi 600,000 kwa mwezi, imelipwa miezi 6. Mmoja anahama baada ya miezi 2, kwa hiyo ameacha humo 800,000. Adai kwa mwenye nyumba, wenzake wamlipe, au atafute mtu wa kuchukua nafasi?

MzeeWaVifungu: Mwenye nyumba sahau. Mikataba mingi inasema kodi ikilipwa hairudishwi, na hela yenyewe pengine imeshakuwa tofali. Tafuta mtu. Ila utaratibu ni huu: wenzako wamkubali, mwenye nyumba aridhie kwa maandishi, ndipo mgeni alipe. Kisha nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja tu: nani anatoka, nani anaingia, tarehe, amana inahamia kwa nani. Msaini wote, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Sinza_Kijiweni: Nyongeza ndiyo watu wanairuka. Kukabidhi ufunguo hakufuti sahihi yako. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, mliosaini kwa pamoja anaweza kudaiwa yeyote deni zima, labda mkataba useme vingine. Uko Mwanza, mtu kavunja dirisha Sinza, simu inaita kwako.

hesabu_kwanza: Wenzako kukulipa kunafaa ikibaki mwezi mmoja. Kwa minne, kila mmoja anatoa 400,000 za ghafla, na kuanzia hapo kila mtu anabeba 300,000 badala ya 200,000. Watasema sawa, watalipa nusu.
Na using'ang'anie 800,000 yote. Kila mwezi chumba kikikaa tupu 200,000 imeyeyuka. Kumpunguzia mgeni 100,000 leo ni nafuu kuliko kusubiri. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja, tangaza kwanza kwenye makundi ya WhatsApp.

MamaLUKU: Siku ya kutoka piga picha chumba na mita ya maji, bili igawanywe kwa siku ulizokaa. Andikeni uniti za umeme zilizobaki. Picha zisizo na tarehe hazikusaidii kwenye amana.

Kwa_Pasu: Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, kuna msimamizi.

MzeeWaVifungu: Msimamizi aonyeshe barua ya kumruhusu kusaini. Hana? Mwenye nyumba mwenyewe atume ujumbe wenye majina yote mawili na tarehe. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. "Sawa" tupu haitoshi.