Riwaya yangu ya kwanza: nimkabidhi mchapishaji au niitoe mwenyewe?

Binti Makorora, Tanga

Salaam kwenu nyote. Nimemaliza kuandika riwaya yenye kurasa 220 hivi, inayohusu familia moja ya wavuvi wa Pangani, baada ya kuifanyia kazi kwa miaka miwili. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam ameusoma mswada, ameupenda na amenitumia mkataba: yeye atagharamia kila kitu, nami nitalipwa mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa asilimia 10. Wakati huohuo mpigachapa mmoja amenikadiria shilingi 5,200 kwa nakala nikiagiza nakala 500, na ndugu zangu wananihimiza nishike njia hiyo, kwa hoja kwamba kitabu kikiuzwa shilingi 12,000, faida yote itabaki mikononi mwangu. Akiba niliyojiwekea kwa jambo hili ni shilingi milioni tatu. Jambo jingine ni kwamba sura sita za mwanzo nilikwisha kuzitoa katika kundi la WhatsApp, na wasomaji wananidai zilizobaki. Naomba ushauri wa waliopita njia yoyote kati ya hizi mbili, kwa sababu sina nafasi ya kukosea na fedha hizi.

Mwana wa Dunda, Bagamoyo

Dada yangu, hongera kwa kuumaliza mswada, kwani wengi huishia sura ya nne. Hesabu ya ndugu zako, hata hivyo, imeacha mengi nje. Mimi niliitoa riwaya yangu mwenyewe miaka minne iliyopita, nakala 500 kama unazokusudia, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mpigachapa na mchapishaji ni mtu mmoja. Mpigachapa hukukabidhi maboksi na kazi yake ikaishia hapo. Kuhariri, kupanga kurasa, kusanifu jalada, kuomba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, kusambaza, na kuwafuatilia wenye maduka hadi walipe, yote hayo hubaki shingoni mwako.

Chukua bei uliyopewa. Nakala 500 ni shilingi 2,600,000. Mhariri alinitoza 600,000, nami sijutii hata shilingi moja niliyompa, maana alinionyesha kuwa mhusika wangu mmoja alikuwa amekufa katika sura ya tano akafufuka katika sura ya kumi na moja, kosa ambalo nililipita mara nne bila kuliona. Jalada lilinigharimu 150,000. Jumla ni 3,350,000, yaani akiba yako imekwisha na bado unadaiwa, kabla msomaji hata mmoja hajakiona kitabu. Maduka niliyouzia yalichukua asilimia 35, kwa hiyo katika kila 12,000 nilibaki na 7,800. Kwa hesabu hiyo lazima ziuzwe nakala 430 ndipo mtaji urudi. Ukiuza kwa mkono wako kwa bei kamili, nakala 280 zinatosha, ila hapo sijahesabu nauli wala siku utakazozunguka na begi. Nakala zangu nilizihifadhi chumbani, na masika ya mwaka uliofuata maboksi ya chini yakaota ukungu. Wewe uliye Tanga unaujua unyevu wa pwani.

Pamoja na hayo sikuambii usikitoe kitabu mwenyewe. Nakuambia uwahesabu wasomaji kabla ya kuhesabu nakala. Kundi lako la WhatsApp lina watu wangapi, na wangapi kati yao wako tayari kutuma fedha kwa simu leo, kabla kitabu hakijapigwa chapa? Anayesema "tunasubiri kwa hamu" bado hajawa mnunuzi.

Mzee wa Chumbageni, Tanga

Mwanangu, mwenzangu wa Bagamoyo amesema kweli kuhusu gharama, nami nitasema kuhusu mkataba, kwa kuwa huko ndiko nilikoumia. Nilisaini karatasi isiyotaja siku ya mwisho ya kukitoa kitabu. Mswada wangu ukakaa kabatini kwa mchapishaji miaka minne, na sikuwa na haki ya kuupeleka kwingine. Wachapishaji wetu wengi huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya watu wazima husubiri zamu yake. Silisemi hilo kwa kuwalaumu, bali uingie ukijua.

Tazama kwanza muda wa haki unazotoa. Ukiona maneno "kwa muda wote wa hakimiliki", kumbuka kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 muda huo ni uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Utakuwa umewanyima haki ya riwaya yako hata wajukuu ambao hawajazaliwa. Omba muda wenye ukomo, na kifungu kinachosema kuwa kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena, haki zirudi kwako. Kisha uliza hiyo asilimia 10 ni ya nini: ya bei ya dukani ni shilingi 1,200 kwa nakala; ya fedha anazopokea mchapishaji, tukifuata punguzo lile la asilimia 35, ni shilingi 780. Haki za filamu, tafsiri na kitabu cha kielektroniki zisiingizwe kwa sentensi moja ya jumla, kwani kila moja ina thamani yake.

Sisi wa Tanga tunajivunia Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, lakini hatukumbuki mara nyingi kwamba alifariki mwaka 1962 na riwaya yake "Utubora Mkulima" ikatoka mwaka 1968. Kizazi kilichofuata hakikukubali kungoja hivyo: mwandishi wa riwaya Ben Mtobwa alianzisha Heko, kampuni yake ya uchapishaji. Ila yeye aliibeba kazi nzima ya mchapishaji, na ndilo swali ninalokuuliza: je, unaitaka kazi hiyo?

Usisahau pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo kipengele chake kimoja ni riwaya. Soma masharti yake kuhusu kazi iliyokwisha kutolewa, na kwa sasa usitoe sura nyingine katika kundi.

Binti Makorora, Tanga

Shikamoo mzee, na ahsante kaka wa Bagamoyo. Nimeusoma mkataba upya usiku wa jana. Maneno "kwa muda wote wa hakimiliki" yamo, na tarehe ya kutoka kwa kitabu haimo. Katika kundi langu tuko 212. Asubuhi niliwauliza nani atalipia kabla, na hadi sasa waliotuma fedha ni 19.

Muuza vitabu, Ngamiani

Naongeza machache kutoka upande wa duka. Mwandishi anayekitoa kitabu mwenyewe huniletea nakala kwa mali kauli, nami humlipa zikishauzwa. Asiporudi kuulizia, nakala hukaa rafu ya nyuma. Mgeni huniletea kumi tu, na wa kwanza kununua huwa ni jamaa zake. Kitabu kisicho na ISBN sikipokei, na kilichobandikwa vibaya kikaachia kurasa mnunuzi hunirudishia mimi, si mwandishi.

Mzee wa Chumbageni, Tanga

Marahaba, mwanangu. Warudishie hao 19 fedha zao kwa shukrani na uyahifadhi majina yao. Kisha mwandikie mchapishaji barua, uombe mambo mawili: muda wa haki usizidi miaka saba, na kitabu kitoke ndani ya miezi 18 tangu kusaini, la sivyo mswada urudi kwako bila madai. Mchapishaji aliyeipenda kazi yako hatakasirika kuulizwa hayo. Akikataa yote mawili bila maelezo, usisaini. Tumia sehemu ya akiba yako kumlipa mhariri, maana mswada uliohaririwa utauhitaji kwa njia yoyote utakayoishika baadaye.